Simba Wachache, Nyumbu Wengi: Safari ya Nishati ya Jua Katika Nyika ya Serengeti

Barua zilizofika mezani petu katika toleo hili zimetoka kwa watu wa rika na kazi tofauti, kuanzia mwanafunzi wa sekondari hadi mama mchuuzi wa dagaa, lakini nilipozisoma kwa utaratibu niligundua kwamba zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: chakula kinapotoka kwa kiumbe kimoja kwenda kwa kingine, nguvu iliyomo ndani yake inafuata njia gani, na inaishia wapi? Nimezipanga ili kila jibu lisaidie kulifungua linalofuata.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Mugumu, wilayani Serengeti. Katika somo la Biolojia tumefundishwa kwamba asilimia 90 ya nishati hupotea kila inapotoka kwa kiumbe kwenda kwa yule anayemla. Katika somo la Fizikia tumefundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Nimeshindwa kuyapatanisha. Mwalimu yupi anasema kweli? Na je, hiyo ndiyo sababu ya simba kuwa wachache kuliko nyumbu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Walimu wako wote wawili wanasema kweli, na utata uko katika neno moja tu, nalo ni "kupotea". Nishati haipotei kwa maana ya kuangamia, bali hubadilika umbo na kutoka katika milki ya viumbe hai. Ile iliyokuwa imefungwa ndani ya jani kama sukari, ambayo mnyama aliweza kuila, hugeuka kuwa joto, na duniani hapa hakuna mnyama awezaye kula joto. Likishatoka katika mwili wa nyumbu huingia hewani, na mwishowe huondoka duniani kuelekea anga za juu kama mnururisho usioonekana kwa macho. Ukijumlisha joto lote, kinyesi chote na nyama yote, hesabu ya mwalimu wa Fizikia inatimia bila kupungua hata juli moja, yaani kile kipimo cha nishati.

Fikiria mifereji ya asili ya Uchagani inayoshusha maji kutoka msitu wa Kilimanjaro hadi kwenye vihamba. Mfereji ni wa udongo, kwa hiyo maji hunywea ardhini njia nzima, na mwenye shamba la mwisho hupata kijito chembamba hata kama pale juu yalianza kwa kishindo. Maji hayakuangamia, ila yule wa mwisho hawezi tena kuyamwagilia mgomba wake.

Sasa tuifuate nishati hiyo tangu mwanzo. Jua huimwagia nyika ya Serengeti mwanga mwingi mno, lakini nyasi huweza kuunasa na kuuhifadhi kiasi cha asilimia moja hivi tu, kwa njia ya usanisinuru, yaani kuunganisha maji ya ardhini na kabonidayoksaidi ya hewani hadi ikapatikana sukari. Hata hiyo asilimia moja si yote inayomngojea mlaji, kwa kuwa nyasi nazo ni kiumbe hai, zinapumua na kutumia sehemu kubwa ya sukari yao kujiendesha. Kinachobaki kuwa majani, mashina na mizizi ndicho kinachowalisha wengine wote.

Nyumbu anapokula nyasi zenye juli 100, karibu nusu yake humpita na kutoka kama kinyesi, kwa sababu kuta za seli za majani ni ngumu hata kwa tumbo lenye vyumba vinne na bakteria wasiohesabika. Kiasi kingine hutoka kama mkojo na gesi ya methani. Katika kile ambacho mwili wake umekifyonza kweli, mnyama wa damu moto huunguza takriban asilimia 97 au 98 ili kuuweka mwili katika jotoridi lake, kutembea, kutafuna, kupumua na kuusukuma moyo. Kinachogeuka nyama, mafuta au ndama ni asilimia mbili au tatu. Kwa hiyo, kati ya zile juli 100, nyama mpya inayoweza kumfaa simba ni kama juli moja au mbili, wala si 10.

Najua utashtuka, maana kitabu kimekuambia 10. Kanuni hiyo ya asilimia 10 ni wastani wa jumla unaochanganya viumbe wa kila aina, na katika mtihani uiandike kama ulivyofundishwa. Lakini uelewe kwamba nyuma yake kuna tofauti kubwa. Panzi hana kazi ya kuupasha mwili wake joto usiku kucha, kwa hiyo anaweza kugeuza theluthi moja au zaidi ya kile alichokifyonza kuwa mwili wa panzi. Samaki yuko katikati. Ndege na wanyama wanyonyeshao ndio watumiaji wakubwa, kwa sababu wamechagua maisha ya joto na wepesi, na maisha hayo yana gharama yake kila saa.

Aliyetufungulia mlango wa hesabu hizi ni kijana wa Marekani, Raymond Lindeman, aliyelichunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota kwa miaka kadhaa, akipima kila kundi la viumbe, kuanzia miani hadi samaki, kwa kipimo kimoja tu cha nishati. Makala yake ilikataliwa na wahakiki mwanzoni kwa madai kwamba ilizidi nadharia, ikatetewa, na ikachapishwa Oktoba 1942. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 26. Kila nikifundisha somo hili humkumbuka, kwa sababu bila yeye huenda tungeendelea kuorodhesha nani anamla nani bila kuuliza ni kwa kiasi gani.

Kuhusu simba: Serengeti ina nyumbu wapatao milioni 1.3, mbali na pundamilia na swala tomi, na simba wake hukadiriwa kuwa kama 3,000. Ndiyo, sababu ya kwanza ni mfereji unaovuja. Hata hivyo sitaki uondoke na jibu nusu. Nyumbu huhama mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi, ilhali simba ana himaya yake, ana watoto wadogo mafichoni, na hawezi kuwafuata. Nyumbu wakishaondoka, simba wa nyanda za majani mafupi hubaki na ngiri na swala wachache, na idadi yao huamuliwa na miezi hiyo ya njaa kuliko miezi ya shibe. Fisi madoa wamelitatua tatizo hili kwa miguu: huacha watoto pangoni na kusafiri makumi ya kilomita hadi walipo nyumbu, kisha hurudi kunyonyesha. Piramidi ya chakula unayochora daftarini, yenye nyasi chini na simba kileleni, inaeleza kikomo cha juu. Mahali ambapo idadi ya simba inatua chini ya kikomo hicho hutegemea pia tabia, magonjwa na mwendo wa mawindo.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mfugaji mkoani Arusha. Katika michoro ya vitabu vya watoto wangu naona jani, swala, kisha simba, basi. Lakini mimi niliyekulia nyikani najua kwamba majani mengi hayaliwi na swala yeyote. Hukauka yakasimama, na kila kiangazi moto huyapitia. Majani hayo yako wapi katika michoro yenu?

JIBU: Ndugu yangu, umeona pengo ambalo michoro ya vitabuni imeliacha kwa muda mrefu. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba nyasi za Serengeti zina walaji watatu wakubwa: tumbo la mnyama, kichuguu cha mchwa, na moto. Nishati itapita kwa mmoja wao, na akizidi mmoja, wawili waliobaki hupungukiwa.

Nianze na tumbo. Mtafiti Sam McNaughton, ambaye vipimo vyake vya mwaka 1985 bado vinategemewa, alikuta kwamba wanyama wa Serengeti hula kwa wastani asilimia 66 ya majani yanayoota juu ya ardhi kwa mwaka, ingawa kuna mahali walikula asilimia 15 tu na kwingine 94. Kiasi hicho ni kikubwa kupita kawaida. Katika misitu mingi wala-majani hawafikishi hata sehemu moja ya kumi, na majani yote yaliyobaki huanguka na kuoza.

Mchwa ni habari nyingine kabisa. Wale wanaojenga vichuguu virefu huvuna majani makavu na vijiti ambavyo hata nyumbu amevikataa, lakini hawawezi kuvimeng'enya vizuri wenyewe. Huvitafuna, huvipanga chini ya ardhi katika vyumba vyenye unyevu, na juu yake hulima kuvu. Kuvu ndiyo inayovunja ule ugumu wa mti, nao mchwa hula matunda ya kilimo chao. Mvua zikinyesha, kuvu hiyohiyo huchomoza juu kama uyoga wa kichuguu ambao bibi zetu waliujua kwa jina na kwa msimu, na kumbikumbi huruka kwa maelfu wakiwa wamejaa mafuta. Katika usiku huo mmoja, nishati iliyokuwa imefungwa katika majani makavu yasiyofaa kitu humfikia kunguru, nguchiro, kinyonga, kuku na mtoto mwenye bakuli. Fisi mdogo, yule mwenye milia ambaye wengi humdhania kuwa mla mizoga, huishi kwa kulamba mchwa wanaovuna nyasi, na kwa usiku mmoja anaweza kumeza zaidi ya 200,000. Hayumo katika mchoro wa kitabu cha watoto wako, wala mchwa hayumo, na mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko kumsahau simba.

Usimsahau pia mbawakawa anayeviringisha kinyesi. Ile nusu ya nyasi iliyompita nyumbu bila kumeng'enywa haikutupwa, kwani mbawakawa huizika ardhini kabla haijakauka, hutaga yai ndani yake, na buu hukua akiila.

Mlaji wa tatu, moto, hufanya kazi ileile inayofanywa na pumzi ya mnyama: huunganisha sukari ya jani na oksijeni ya hewa, na kutoa kabonidayoksaidi, mvuke na joto. Tofauti ni kwamba pumzi ya nyumbu hulipa mwendo na uhai njiani, ilhali moto hutoa joto lote kwa mara moja na hakuna aliyeshiba. Majani mabichi yanayochipua baada ya moto humfaa mfugo wako, nalijua hilo, kwa kuwa majivu huacha madini, ingawa sehemu kubwa ya nitrojeni huwa imekwenda na moshi.

Historia ya sotoka inaonyesha jinsi walaji hawa wanavyopokonyana. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukateketeza ng'ombe na nyati na nyumbu, na wazee wa Kimaasai waliusimulia kwa uchungu vizazi hadi vizazi. Uliendelea kuwaua ndama wa nyumbu hadi ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa wanyamapori. Nyumbu waliokuwa robo milioni hivi mwaka 1961 walifika zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977. Majani yaliyokuwa yakibaki kuwa kuni za moto sasa yaliingia matumboni, eneo linaloungua kila mwaka likapungua sana, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua kupita urefu wa miali, na miti ikaongezeka. Nyika iliyokuwa ikitoa kaboni hewani ikawa ya kuihifadhi. Chanjo iliyokamilishwa na Walter Plowright huko Muguga, karibu na Nairobi, ndiyo iliyokuja kuufuta ugonjwa huo duniani kote, na tangazo rasmi likatolewa mwaka 2011. Sindano alizochomwa ng'ombe wa mfugaji ziligeuza njia ya nishati katika nyika nzima, na ningependa watoto wako waikute habari hiyo katika vitabu vyao.

SWALI: Nimetembelea Mto Mara mwezi wa Septemba nikaona mizoga ya nyumbu mingi mno imekwama kwenye mawe, mingine imevimba, na harufu haivumiliki. Nilihuzunika. Kwa nini hifadhi haiokoi wanyama hao, au angalau kuuondoa uozo ule? Je, si hasara tupu? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Huzuni yako ni ya utu na siipuuzi. Hata hivyo nakuomba urudi katika ule mzoga na kuutazama kama ghala lililofunguliwa.

Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395 kutoka Mau nchini Kenya hadi Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, hupokea mizoga karibu kila mwaka nyumbu wanapovuka. Watafiti waliokusanya takwimu za miaka ya 2001 hadi 2015 walipata wastani wa nyumbu 6,250 wanaokufa maji kwa mwaka, sawa na tani 1,100 za miili. Ukilinganisha na nyumbu milioni moja na robo waliobaki hai, ni kama mmoja kati ya 200. Kwa kundi ni pengo dogo, kwa mto ni neema.

Nyama laini huisha kwa muda wa wiki mbili hadi 10. Mamba hula, lakini mamba ni mnyama wa damu baridi, matumizi yake ni madogo, na akishashiba anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo sehemu anayoichukua ni ndogo kuliko tunavyoonyeshwa katika picha. Tumbusi na korongo mfukoshingo huja kwa mamia. Walaji ambao mtalii hawaoni ni samaki. Mizoga inapokuwapo, kati ya asilimia 34 na 50 ya chakula kinachojenga miili ya samaki wa kawaida wa mto ule hutoka kwa nyumbu. Funza na bakteria humalizia.

Mifupa nayo, ambayo ni karibu nusu ya uzito mkavu wa mzoga, huchukua miaka saba kuoza. Muda wote huo hujivika ukoga wa bakteria na miani, na samaki huja kuula miezi mingi baada ya nyama kwisha. Kwa hesabu ya watafiti haohao, mizoga ya mwaka mmoja huuletea mto tani 107 za kaboni, 25 za nitrojeni na 13 za fosforasi.

Hapa ndipo ninapotaka kutenganisha mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya. Nishati husafiri upande mmoja tu: hutoka juani, hupita kwa viumbe, hutoka kama joto, na hairudi, kwa hiyo lazima jua lichomoze tena kesho. Madini hayasafiri hivyo. Fosforasi iliyomo katika fupa la nyumbu ilitoka katika majani, nayo majani ya nyanda za kusini yaliichota katika udongo wa majivu ya volkano, yakiwemo ya Oldoinyo Lengai. Nyumbu jike huenda kujifungulia na kunyonyesha huko hasa kwa ajili ya madini hayo. Fupa likioza mtoni, fosforasi hiyohiyo humjenga samaki, huenda ikashuka hadi ziwani, ikanywewa na mwani, na kuanza safari nyingine. Ukiuondoa mzoga kwa trekta, umeunyima mto vyote viwili kwa mara moja.

Viboko nao hufanya kazi kama hiyo kila siku bila kufa. Wapatao 4,000 katika Mara hutoka usiku kula nyasi nchi kavu, hurudi alfajiri, na mchana kutwa huachia kinyesi majini, takriban tani 36 kwa siku. Si kila mara huwa baraka, kwa maana kiangazi maji yanapotuama katika madimbwi yao, kinyesi hicho kikioza humaliza oksijeni, na mvua ya ghafla ikikisukuma chini samaki hufa kwa wingi. Chakula kingi mahali pasipo hewa ya kutosha ni sumu. Lakini mto unaotiririka, wenye kina chake cha asili, hukibeba na kukigawa, na ndiyo maana wanaopigania maji ya Mara yasipungue kule yanakoanzia, katika misitu ya Mau, wanastahili kusikilizwa na sisi tunaokunywa huku chini.

SWALI: Nauza dagaa hapa Musoma kwa miaka mingi. Wateja wenye uwezo huwaona dagaa ni chakula cha wanyonge, wanataka sangara. Niliwahi kusikia katika redio kwamba sangara mmoja "amekula" dagaa wengi sana. Ni kweli? Na ni samaki gani anafaa zaidi kuliwa?

JIBU: Mama, redio haikukudanganya. Dagaa wako hula vijidudu vidogo vinavyoelea majini, vilivyokula miani, kwa hiyo yuko karibu na jua. Sangara mkubwa hula dagaa, uduvi, furu, na hata watoto wa sangara wenzake. Kwa kila ngazi mfereji unavuja, na kilo moja ya sangara imegharimu kilo kadhaa za samaki wadogo, bila kuhesabu nguvu aliyoitumia kuogelea tangu utotoni. Anayekula dagaa na ugali anakula ziwa kwa njia fupi, pamoja na vichwa na mifupa yenye kalsiamu, na simwoni kuwa mnyonge hata kidogo. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa haifiki sahanini bali hugeuzwa chakula cha kuku, na hapo tumeongeza ngazi nyingine kwa hiari yetu.

Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, na alipolipuka kwa wingi katika miaka ya 1980 aliwamaliza furu wa aina nyingi ambao hawapatikani popote pengine duniani. Baadhi ya furu hao walikuwa wakila uozo wa chini ya ziwa na miani, kazi ambayo ilibaki bila mfanyakazi. Uduvi wakaongezeka kwa chakula kilichoachwa, na sangara akaanza kuwala uduvi. Ziwa lilipata njia nyingine ya kuupeleka ule uozo hadi kwa mla-nyama mkubwa, lakini njia ya zamani ilikuwa na mamia ya matawi, na hii mpya ina machache. Kwa hiyo nakujibu bila kusita: kula dagaa, waache sangara wachanga wakue, na mteja wako akikudharau mweleze habari hii.

SWALI: Kuna kiumbe chochote kinachoishi bila kutegemea jua? Msomaji, Tanga.

JIBU: Wapo. Mwaka 1977 wanasayansi walioshuka kwa chombo hadi sakafu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos, walikuta chemchemi za maji moto katika giza totoro zikiwa zimezungukwa na minyoo mirefu na chaza wakubwa. Msingi wa chakula chao ni bakteria wanaopata nishati kwa kuunganisha kemikali za salfa zinazotoka ardhini, badala ya mwanga. Hata hivyo oksijeni ambayo wengi wao huitumia katika kazi hiyo ilitengenezwa na mimea na miani juani, kwa hiyo hawajaachana na jua moja kwa moja.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi yenye uhaba wa vifaa. Nitawaonyeshaje watoto mtiririko wa nishati bila maabara?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, unahitaji mzani wa dukani, kuku na daftari. Nunua vifaranga watano wa kuku wa nyama, wapimwe siku ya kwanza, kisha watoto wapime kila siku chakula kinachowekwa na kinachobaki. Baada ya wiki sita wapime tena. Kwa matunzo mazuri watakuta kwamba kila kilo ya kuku imetumia kati ya kilo moja na nusu na mbili za chakula, au zaidi kidogo, nao watashangilia wakidhani hasara ni ndogo. Hapo wakumbushe kwamba pumba na mahindi ni vikavu, ilhali kuku aliye hai ni maji kwa sehemu kama theluthi mbili. Wakiyaondoa maji katika hesabu, watapata kwamba kilichobaki mwilini mwa kuku ni kama sehemu moja ya tano tu ya chakula kikavu, na huyo ni kifaranga wa mbegu teule, aliyefungiwa bandani, asiyekimbizwa na kicheche wala kutafuta chakula chake.

Kisha leta jogoo mzima wa kienyeji, mpimwe leo, mlishwe mtama uliopimwa kwa mwezi mzima, na mpimwe tena. Uzito wake utakuwa uleule. Watoto watauliza mtama wote ule umekwenda wapi, na wengine watasema ni kinyesi. Kianikeni kinyesi juani hadi kikauke, mkipime, na mtaona kwamba hakitoshi kuijaza hesabu. Ndipo umshike jogoo kwa upole, umwite mtoto mmojammoja aingize kiganja chini ya bawa, pale manyoya yanapokutana na ngozi, na akitulize hapo mpaka asikie joto.